Gego la mwisho likikusumbua

Je, umewahi kuamka asubuhi ukashindwa kufungua kinywa hata kupitisha kijiko cha uji? Shavu limevimba upande mmoja, sikio linauma ingawa halina ugonjwa, na kila ukimeza mate ni kama unameza mwiba. Unachukua kioo na kuchungulia nyuma kabisa ya taya la chini. Huoni kitu ila ufizi mwekundu uliovimba, na ncha nyeupe ya jino inayochomoza kidogo.

Mpendwa msomaji, yaelekea hilo ni gego la mwisho, na wiki hii tutalizungumzia. Tutaeleza kwa nini linasumbua, wakati gani ling'olewe, na jinsi ya kujiuguza ukisharudi nyumbani. Wengi hudhani kazi yote ni ya daktari. Ukweli ni kwamba kidonda hicho hupona vizuri au vibaya kwa kutegemea sana unavyokitunza wewe mwenyewe.

GEGO HILI NI LIPI?

Mtu mzima aliyetimiza meno yote huwa na meno 32. Manne kati ya hayo, moja katika kila pembe ya kinywa, hutoka yakiwa ya mwisho kabisa, kwa kawaida kati ya umri wa miaka 17 na 25. Kwa kuwa hutoka wakati mtu anapoanza kupata akili za utu uzima, Waarabu huliita jino la akili na Waingereza huliita jino la hekima. Lakini usiwe na wasiwasi ikiwa huna. Wapo watu wasioota hata moja, na hekima yao haipungui.

Taabu huanza pale taya linapokuwa dogo na nafasi haitoshi. Fikiria matatu iliyokwisha kujaa pale Kongowea, na makanga bado anasukuma abiria mmoja zaidi. Atakayeingia atasimama upande, atamlalia mwenzake, au atabaki mlangoni nusu ndani na nusu nje. Ndivyo gego hili linavyofanya. Mengine huinama na kuliegemea gego la mbele yake, mengine hulala chali ndani ya mfupa yasitoke kabisa, na mengine hutoka nusu tu.

Lililotoka nusu ndilo lenye vituko vingi. Sehemu ya ufizi hubaki imelifunika kama kifuniko, na chini yake huingia mabaki ya chakula ambayo mswaki hauwezi kuyafikia. Vijidudu hupata makao hapo, ufizi huvimba na pengine kutunga usaha. Gego la juu likiuuma ufizi huo uliovimba, maumivu huzidi. Isitoshe, chakula kinachokwama katikati huweza kuozesha gego zima la jirani, ambalo halikuwa na kosa lolote.

JE, NI LAZIMA LING'OLEWE?

La. Gego lililotoka sawasawa, lisilouma na linalosafishika, liachwe. Hata lililolala ndani ya mfupa bila kuleta madhara huweza kuachwa na kuangaliwa mara kwa mara. Mwaka 2000 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayopima faida na gharama za matibabu, iliwashauri madaktari wa nchi hiyo waache kung'oa magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa, kwa sababu kila upasuaji una hatari zake.

Linang'olewa likiwa limeoza kiasi cha kutozibika, likiwa linaharibu jino la jirani, likiwa na kifuko cha maji kinachokula mfupa, au ufizi wake ukivimba na kupoa, ukivimba tena na kupoa, mara baada ya mara. Ukiona unameza dawa kila baada ya miezi michache kwa sababu ya jino hilo hilo, jua dawa hizo zinakukopesha muda tu.

USINGOJE USIKU WA MANANE

Hapa, msomaji, ndipo penye jambo zito. Mtu akiumwa hukimbilia duka la dawa, akanunua tembe nne za kuua vijidudu, akameza mbili, maumivu yakapoa akaacha. Jino liko pale pale, na vijidudu viliobaki vimezoea dawa. Safari inayofuata uvimbe huja na nguvu mpya.

Uvimbe wa gego la chini ukipuuzwa unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni. Ugonjwa huo ulielezwa na daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, mwaka 1836. Kabla ya kupatikana kwa dawa za kuua vijidudu, zaidi ya nusu ya waliopatwa nao walikufa. Siku hizi wengi huokolewa, lakini kwa sharti la kufika hospitali mapema, maana uvimbe huo husukuma ulimi juu na nyuma hadi njia ya pumzi inaziba.

Kwa sisi tunaoishi bara, nje ya kisiwa, jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu wa Mtongwe au Shika Adabu anaweza kulazimika kungoja feri ya Likoni ndipo afike hospitali kubwa. Wa Mlaleo au Kiembeni ana msongamano wa daraja la Nyali, na wa Chaani au Magongo ana malori ya bandari mbele yake. Mchana, ukiwa na maumivu tu, safari hiyo ni usumbufu. Usiku, ukiwa huwezi kumeza mate, safari hiyo hiyo yaweza kukugharimu uhai.

Basi shika dalili hizi, na ukiona hata moja usingoje kukuche:

- Unashindwa kumeza, au mate yanakutoka bila kujizuia.
- Uvimbe umeshuka chini ya kidevu au shingoni na umekuwa mgumu.
- Ulimi umeinuka, au sauti imebadilika kama ya mtu mwenye kitu kinywani.
- Unapumua kwa shida, hasa ukilala chali.
- Una homa kali na kinywa hakifunguki zaidi ya upana wa kidole kimoja.

UENDE WAPI?

Anza na kituo kilicho karibu. Hospitali za serikali za Likoni na Port Reitz ni mahali pazuri pa kuulizia siku za huduma ya meno. Maafisa wa afya ya kinywa wanaruhusiwa kung'oa meno ya kawaida. Lakini gego lililolala ndani ya mfupa linahitaji upasuaji mdogo, na huenda ukaandikiwa barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani, ambayo ni hospitali ya rufaa. Kuhusu malipo, uliza mapema. Halmashauri ya SHA ilichukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, na ni vyema ujue kabla ya siku yenyewe italipa nini nawe utalipa nini.

Ukienda kliniki ya kibinafsi, una haki ya kuuliza kama daktari ana leseni ya mwaka huu ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini. Jihadhari na mafundi wa mtaani wanaong'oa kwa koleo bila ganzi na bila kuchemsha vyombo. Chombo kilichotoka kinywani mwa mwingine bila kutakaswa kinaweza kukuletea virusi vya ukimwi au ugonjwa wa ini. Tena gego la mwisho lina mizizi iliyopinda. Likivutwa kwa nguvu huvunjika na kuacha kipande ndani, na hata taya lenyewe linaweza kuvunjika.

MWAMBIE DAKTARI KILA KITU

Kabla ya kung'olewa utapigwa picha ya eksirei ili daktari aone mizizi imekaaje, na iko umbali gani na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Ni kwa sababu ya mshipa huo ambapo baadhi ya watu hubaki na ganzi ya mdomo wa chini au ulimi kwa wiki au miezi kadhaa. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe, na ni wachache sana ambao hubaki nayo daima. Muulize daktari wako hatari yako ni kiasi gani. Si utovu wa adabu kuuliza.

Nawe usimfiche kitu. Mwambie kama una kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, pumu au vidonda vya tumbo. Mwambie kama una ugonjwa wa seli mundu, ambao unapatikana kwa wingi katika ukanda wetu wa pwani. Mtu wa seli mundu huhitaji maandalizi ya pekee ili asipatwe na maumivu makali ya mwili baada ya upasuaji. Mwambie dawa zote unazotumia, hasa za kuifanya damu kuwa nyepesi, lakini usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Mama mjamzito aseme pia, hata kama mimba ni changa.

SIKU YENYEWE

Ikiwa utadungwa sindano ya ganzi tu, kunywa chai na ule kifungua kinywa kama kawaida. Wengi huzirai kwenye kiti kwa sababu ya njaa na hofu, wala si kwa maumivu. Ukiwa utalazwa usingizi, fuata amri utakayopewa ya kutokula, na uje na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Ganzi ikishika hutasikia maumivu, lakini utasikia kusukumwa na kubanwa. Hiyo ni kawaida. Ukihisi uchungu mkali, inua mkono, daktari ataongeza dawa. Jino likiwa limelala, atapasua ufizi kidogo, aondoe mfupa kiasi, na pengine alikate jino vipande viwili au vitatu ili lisiumize mfupa likitoka. Kisha atashona. Kazi yote huchukua kati ya dakika 20 na saa moja, kwa kutegemea jino lilivyokaa.

SAA 24 ZA KWANZA

Hapa zamu yako inaanza. Jambo kubwa la kukumbuka ni donge la damu. Damu inayojaa kwenye shimo huganda, na donge hilo ndilo plasta ya asili inayofunika mfupa na mishipa ya fahamu. Karibu kila sharti utakalopewa lina lengo moja tu, kulilinda donge hilo lisitoke.

Utapewa kipande cha shashi. Kiume kwa nguvu kwa dakika 30 hadi 45 bila kukitoa kila mara kuangalia. Damu kidogo inayochanganyika na mate siku ya kwanza isikutishe, maana tone moja la damu katika mate mengi huonekana kama kikombe kizima. Ikiendelea kutoka, weka shashi nyingine safi na ukae ukiwa umeinua kichwa. Kama huna shashi, loweka mfuko wa majani ya chai, uukamue, uache upoe, kisha uume. Majani ya chai yana kitu kinachosaidia damu kuganda.

Usisukutue kabisa siku hiyo. Usiteme kwa nguvu, bali inamisha kichwa mate yadondoke yenyewe. Usinyonye kitu kwa mrija. Ukinunua dafu, mimina maji yake kwenye gilasi, kwani kule kunyonya ndiko kunakolivuta donge. Weka barafu iliyofungwa katika kitambaa safi juu ya shavu kwa dakika 20, pumzika dakika 20, kisha rudia. Usiku lala na mito miwili ili kichwa kiinuke.

Angalia pia usijiume. Mdomo na ulimi hubaki na ganzi kwa saa mbili hadi nne, na mtu anaweza kutafuna shavu lake bila kujua. Ngoja ganzi iishe ndipo ule.

Meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha. Mtu mzima asiye na maradhi ya ini anaweza kumeza parasetamoli tembe mbili za miligramu 500 kila baada ya saa 6, lakini zisizidi tembe 8 kwa siku. Ibuprofeni husaidia zaidi kupunguza uvimbe, ila imezwe baada ya chakula, na wenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, pumu au mimba wasiitumie bila kumwuliza daktari. Epuka aspirini kwa sababu huzuia damu kuganda, lakini kama ni ya moyo uliyopewa na daktari, usiiache bila ruhusa yake. Ukipewa metronidazoli, ile ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, usionje pombe mpaka siku mbili baada ya tembe ya mwisho. Na dawa za kuua vijidudu, ukipewa, zimalize zote.

SIKU YA PILI HADI YA SABA

Usishangae ukiamka siku ya pili au ya tatu umevimba zaidi kuliko jana. Uvimbe hufika kilele chake kati ya saa 48 na 72, kisha huanza kushuka. Taya kukakamaa na shavu kuwa na alama ya buluu au manjano pia ni kawaida.

Baada ya saa 24, changanya nusu kijiko kidogo cha chumvi katika gilasi ya maji ya vuguvugu yaliyochemshwa. Tia kinywani, inamisha kichwa huku na huku polepole, kisha yaache yadondoke. Fanya hivyo baada ya kila mlo na kabla ya kulala. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida, uwe wa dukani au wa mti, lakini usiguse kidonda.

Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe katika siku 7 hadi 10, nyingine hutolewa na daktari baada ya wiki moja. Uliza zako ni zipi. Ufizi hufunga shimo katika wiki tatu au nne hivi, na mfupa ulio chini yake huendelea kujaa kwa miezi.

CHAKULA

Mwili hauponi kwa njaa. Siku mbili za kwanza tumia vitu laini visivyo moto: uji wa wimbi au wa mchele, maziwa, mtindi, supu iliyopoa, ndizi mbivu, parachichi, viazi vilivyopondwa. Siku ya tatu au ya nne unaweza kuongeza wali laini, mayai, samaki wa mchuzi aliyetolewa miba, na mbaazi za nazi zilizopondwa. Mahamri yachovye kwenye chai ya uvuguvugu, na utafunie upande wa pili.

Kwa wiki mbili hivi kaa mbali na kachiri, korosho, njugu, mahindi ya kuchoma, miwa na mabuyu. Chembe zake huingia shimoni na kukaa. Pilipili, achari na kahawa tungu ya moto vingoje pia.

SIGARA, MIRAA NA MUGUKA

Moshi wa sigara hupunguza damu inayofika kwenye kidonda, na kule kuvuta hung'oa donge. Acha kwa uchache siku tatu, na wiki nzima ni bora zaidi. Miraa na muguka ni hatari kwa njia nyingine. Mtu hutafuna kwa saa nyingi na kuweka fundo shavuni, hapo hapo penye kidonda. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka na mahakama ikasimamisha amri hiyo. Lakini kidonda chako hakingoji kesi. Kipe wiki mbili bila majani hayo.

KAZI NA SAUMU

Mwenye kazi ya ofisini anaweza kurudi baada ya siku mbili au tatu. Kuli wa bandarini, msukuma mkokoteni au fundi wa mjengo apumzike siku nne hadi tano, kwa sababu kuinua mzigo hupandisha damu kichwani na kidonda huanza kuvuja. Omba barua ya mapumziko kabla hujaondoka kliniki. Mvuvi anayepiga mbizi asizame mpaka daktari amruhusu. Na aliyeng'olewa gego la juu asipenge kamasi kwa nguvu, kwa maana shimo la jino hilo liko jirani na uwazi wa mfupa wa pua.

Waislamu wengi huuliza kuhusu Ramadhani. Jino lisilo na haraka ni bora ling'olewe kabla ya mfungo au baada ya Idi, ili uweze kunywa, kumeza dawa na kusukutua mchana. Lakini lenye usaha halingoji. Ling'oe, kisha umwulize sheikh wako kuhusu saumu ya siku hizo.

SHIMO KAVU

Donge likitoka mapema, mfupa hubaki wazi. Utajuaje? Maumivu yaliyokuwa yakipungua huzidi ghafula kati ya siku ya pili na ya tano, yanapanda hadi sikioni, kinywa kinanuka, na tembe hazisaidii. Jambo hili hutokea zaidi kwenye magego ya chini, kwa wavutaji sigara, na kwa wanawake wanaotumia tembe za kupanga uzazi. Usitie karafuu iliyosagwa wala tumbaku shimoni. Rudi kwa daktari akuoshe na kukuwekea dawa, na nafuu hupatikana upesi.

Rudi pia ikiwa damu haikomi baada ya kuuma shashi kwa saa nzima, ukipata homa, uvimbe ukizidi baada ya siku ya tatu, usaha ukitoka, au ganzi ikiwa bado ipo siku ya pili. Na zile dalili tano tulizotaja mwanzo zina uzito ule ule baada ya kung'olewa. Ukiziona, ni hospitali moja kwa moja, iwe feri ipo au haipo, utafute gari au uombe jirani akusaidie.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa gego la mwisho, pengo lenyewe halina haja ya dawa, kwa maana utakula, utacheka na utasema vizuri bila hilo. Linalohitaji dawa ni ule uvimbe unaokuja na kuondoka, ambao umeuzoea kiasi cha kuuita wa kawaida. Kesho asubuhi, ungali na nguvu na kinywa kinafunguka, nenda ukaangaliwe.